Tofik Bahramov na goli ya Wembley: je, muamuzi njo anaamua mechi?

Kila mwanzo wa juma, ku mine, ku soko na ndani ya bus, mazungumuzo ni yale yale. Mazembe wakishindwa, arbitri alikuwa mubaya. Lupopo wakishindwa, arbitri alikuwa na upande. Lakini ekipe yetu ikishinda, hakuna mutu anauliza hata jina la arbitri. Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja aliyejibu swali moja tu la muamuzi mwenzake, ndani ya sekunde chache, na karibu miaka 60 sasa dunia haijaacha kubishana juu ya jibu lile. Jina lake ni Tofik Bahramov. Ni yeye alishika drapo ku finali ya Kombe la Dunia ya 1966, Wembley, kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi.

Tumemuchagua juu maisha yake yanatusaidia kupima maneno ambayo sisi wote tunasemaka bila kuyapima: kwamba muamuzi mubaya, ao muamuzi mwenye upendeleo, njo anaamuaka mechi kubwa. Tutaona kwamba maneno haya mawili, mubaya na upendeleo, hayako kitu kimoja. Na anayeyachanganya anaweza kumuonea mutu.

Mutoto wa muji wa petroli

Bahramov alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kwanza 1925 mu Baku, kando ya bahari ya Kaspi, inchi ya Azerbaijan. Wakati ule Azerbaijan ilikuwa ndani ya Muungano wa Sovieti, na Moscow njo ilikuwa inaamuru. Ni kwa sababu hii magazeti ya Ulaya yalimuita Murusi, na mpaka leo Waingereza wengi wanamuita hivyo. Hakuwa Murusi. Alikuwa Muazeri, mutoto wa Baku. Wasomaji waikamate hii habari ya jina, itatusaidia mbele.

Baku ni muji ambao watu wa Katanga wanaweza kuelewa upesi. Kama vile Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilizaliwa na shaba, Baku ilikomaa na petroli. Mwanzo wa karne ya 20 visima vya kule vilikuwa vinatoa karibu nusu ya petroli yote ya dunia. Kambi za wafanyakazi, moshi, gari-moshi, mabwana wakubwa kutoka inchi za mbali, yote yale Baku iliyajua. Ekipe kubwa ya muji iliitwa Neftyanik, ni kusema mutu wa petroli, sawa vile hapa kwetu watu wa Lupopo wanaitwa Cheminots juu ya njia ya reli. Kijana Bahramov alicheza mupira kule kwao, mpaka ndani ya Neftyanik. Lakini mguu ukamuharibikia, na akalazimika kuacha.

Kijana mwingine angebakia kukaa pembeni akihadithia mambo ya zamani. Yeye akakamata filimbi. Akapanda ngazi moja moja: mechi za muji, mechi za inchi, kisha mechi za Sovieti yote. Inchi ilikuwa kubwa, waamuzi walikuwa wengi, na mutu wa Baku hakuwa karibu na mabwana wa Moscow. Hata vile alifika mpaka kuhesabiwa kati ya waamuzi wa kimataifa, na mwaka wa 1966 FIFA ikamuita Uingereza kwa Kombe la Dunia.

Kombe ambalo Afrika ilikataa

Mbele ya kufika Wembley, tuone kwanza hali ya lile Kombe, juu makosa ya uamuzi hayaanzi ku uwanja. Mara nyingi yanaanza ku biro.

FIFA ilikuwa imetoa nafasi moja tu kwa Afrika, Asia na Oseania zote pamoja. Ni kusema ekipe ya Afrika inaweza kushinda Afrika muzima, kisha inalazimishwa tena kupigana na mabara mengine mbele ya kupanda ndege. Wakubwa wa mupira wa Afrika, Ghana na Ethiopia mbele, wakasema hapana. Inchi za Afrika zikajitoa zote. Kombe la 1966 likachezwa bila ekipe hata moja ya Afrika. Nafasi ikaenda kwa Korea Kaskazini, ambao walifika kule wakafukuza Italia kwa 1-0.

Kukataa kule hakukupotea bure. Kwa Kombe la 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe. Wa kwanza kuitumia walikuwa Maroko. Kisha, mwaka wa 1974, ikawa zamu yetu, Zaire. Tutarudi pale.

Mu Uingereza yenyewe mashaka yalikuwa mengi. Tarehe 23 mwezi wa 7, siku moja, mechi mbili za robo finali. Uingereza ilicheza na Argentina, na muamuzi alikuwa Rudolf Kreitlein, Mujerumani. Ujerumani Magharibi ilicheza na Uruguay, na muamuzi alikuwa Jim Finney, Muingereza. Kreitlein akamufukuza kapiteni wa Argentina, Antonio Rattín. Finney akafukuza wachezaji wawili wa Uruguay. Uingereza ikashinda 1-0, Ujerumani ikashinda 4-0. Watu wa Amerika ya Kusini wakasema wazi kwamba wazungu wa Ulaya wamekatiana deni: wewe nisaidie, na mimi nikusaidie.

Hakuna mutu alileta ushahidi wa mapatano kama yale. Lakini ni nani aliona vizuri kumupa Mujerumani mechi ya Waingereza, na kumupa Muingereza mechi ya Wajerumani, siku ile ile moja? Hata kama wote wawili walikuwa watu wa haki kabisa, kupanga vile kulikuwa kosa. Muamuzi haitoshi awe wa haki, inafaa watu waweze kumuamini. Kapita anayegawa kazi kwa ndugu zake tu, hata akigawa sawasawa, watu watasema. Na hawatakuwa wajinga kwa kusema.

Jambo lingine. Rattín alikuwa anasema Kispanyola, Kreitlein alikuwa hasikii Kispanyola. Muchezaji alikaa dakika nyingi bila kutoka, akitaka mutu wa kutafsiri, na muamuzi akionyesha njia kwa mukono. Kutokea mambo yale, Muingereza Ken Aston, aliyekuwa mukubwa wa waamuzi wa lile Kombe, alipata wazo la kadi ya manjano na kadi nyekundu. Zilitumika mara ya kwanza ku Kombe la 1970. Leo mutoto wa miaka mitano anajua kadi nyekundu ni nini. Kumbe ilizaliwa juu watu wawili hawakusikilizana luga.

Tarehe 30 mwezi wa 7, 1966

Bahramov alikuwa amekwisha kupuliza mechi ya Hispania na Uswisi mu Sheffield, Hispania wakashinda 2-1, na kazi yake ikapendeza wakubwa. Kwa finali wakachagua watu watatu: Gottfried Dienst wa Uswisi katikati, na pembeni Karol Galba wa Czechoslovakia pamoja na Tofik Bahramov.

Uwanja ulijaa, zaidi ya watu 90.000, na malkia alikuwa ameketi kule juu. Wajerumani walianza, Haller akatia goli ku dakika ya 12. Hurst akasawazisha ku dakika ya 18. Ku dakika ya 78 Peters akapeleka Uingereza mbele, 2-1. Kila mutu akafikiri imekwisha. Halafu, ku dakika ya 89, Dienst akawapa Wajerumani mupira wa kosa karibu na goli ya Waingereza. Waingereza wakakasirika, wakasema Mujerumani njo alimuegemea Jack Charlton na haikuwa kosa ya Charlton. Mupira ukapigwa, ukagonga watu, ukamupitia Schnellinger, na Waingereza wakanyanyua mikono wakisema ameugusa na mukono. Muamuzi hakusikia. Weber akatia. 2-2.

Tafazali wasomaji, mushike hii dakika ya 89. Ulimwengu muzima unakumbuka malalamiko ya Wajerumani. Malalamiko ya Waingereza, ndani ya mechi ile ile, yamesahauliwa, juu wao walishinda. Arbitri wa mutu aliyeshinda hana jina.

Wakaingia ku muda wa kuongeza. Ku dakika ya 101 Alan Ball akatuma mupira kutoka upande wa kuume. Geoff Hurst akaupokea, akageuka, akapiga kwa nguvu. Mupira ukagonga mti wa juu wa goli, ukashuka chini mbio, ukaruka kurudi uwanjani, na Weber akautoa kwa kichwa. Roger Hunt, Muingereza aliyekuwa karibu zaidi, hakuufuata mupira. Alinyanyua mukono na kugeuka kufurahi. Wajerumani wakapiga kelele: haikuingia.

Dienst hakuona vizuri. Akapuliza, kisha akatembea mpaka pembeni, kwa Bahramov. Hawakuwa na luga moja ya kuzungumuza. Dienst alitoka Uswisi, Bahramov alijua Kiazeri na Kirusi. Walisemezana na mikono na kichwa. Bahramov, na nywele zake nyeupe na mustashi yake, akaitika kwa kichwa na kuonyesha katikati ya uwanja. Dienst akakubali. Goli. 3-2.

Ku dakika ya mwisho kabisa Hurst akatia tena, watu wengine wakiwa wamekwisha kuingia uwanjani wakifikiri mechi imekwisha. Ikawa 4-2. Uingereza wakapata Kombe, na mpaka leo hawajapata lingine.

Aliona nini?

Sasa tuseme ukweli bila kuzunguka. Sheria inasema goli ni goli mupira ukivuka mustari muzima, muzima kabisa, siyo nusu. Bahramov hakuwa amesimama juu ya mustari wa goli. Alikuwa nyuma kidogo, akiangalia kwa kukata pembe. Kutoka pale jicho la mutu yeyote lingeweza kudanganyika. Katika kitabu cha maisha yake yeye mwenyewe alieleza kwamba alidhani mupira uligonga ku wavu wa ndani na kurudi, na kwamba mahali ulipoangukia chini hakukuona. Ni kusema jibu lake halikutoka ku mustari. Lilitoka ku kitu kingine alichodhani amekiona.

Wenye kujifunza picha wamepima ile filamu mara nyingi. Miaka ya 1990 mafundi wa chuo kikuu cha Oxford, Waingereza wenyewe, walipima kwa kompyuta na wakasema mupira haukuvuka muzima, ulibakisha sentimita chache. Sisi tunafikiri vile vile: goli ile haikukuwa goli. Na kosa ya Bahramov haikukuwa kuwa na macho mabaya. Kosa yake ilikuwa kuitika kwa nguvu juu ya kitu ambacho hakukiona sawasawa. Muamuzi akikosa kuona mustari, haki ni kusema sikuona, na mechi inaendelea. Lakini ni ngumu sana kusema vile mbele ya watu 90.000, na wachezaji wanakuzunguka, na mukubwa wako anakungojea umujibu. Ni wangapi kati yetu, kapita ao mukubwa wa kazi akituuliza kama tumekagua mashini, tunaitika tu na kichwa?

Alikuwa na upendeleo?

Pale njo watu walizidisha maneno. Walisema Murusi amewalipiza Wajerumani. Walikuwa na sababu mbili za kusema vile. Ya kwanza, siku tano mbele, tarehe 25 mwezi wa 7, Ujerumani Magharibi ilikuwa imefukuza Sovieti ku nusu finali mu Liverpool, 2-1. Ya pili ni vita. Mu 1942 jeshi la Hitler lilitembea kwenda Caucasus juu ya kutafuta petroli, na Baku njo ilikuwa inatafutwa. Halikufika, lakini familia nyingi za kule zilizika watoto wao. Tofik Bahramov alikuwa na miaka 17 wakati ule.

Hadithi zikatungwa juu yake, zingine za kuchekesha, watu wakimuwekea ku kinywa maneno ambayo hakuna mutu ameonyesha kwamba aliyasema. Hatutazirudia hapa.

Ni kweli, mutu aliyepangwa pale alitoka inchi iliyofukuzwa na Wajerumani siku tano tu nyuma. Ni kosa la wale waliopanga, kosa la biro tena. Lakini kutoka ku kosa la kupanga mpaka ku uovu wa moyo kuna njia ndefu. Kama Bahramov alikuwa na kisasi, angekitumia hata mahali pengine ndani ya dakika 120, na hakuna mutu ameonyesha pengine. Na jambo linalotushika zaidi ni hili: waliomuhukumu hawakujua hata kabila yake. Walimuita Murusi, kisha wakamuhukumu kama Murusi. Ni wale wale tunaowajua: wakisikia jina lako na mahali unatoka, wamekwisha kujua wewe ni mwizi.

Ile goli njo iliamua mechi?

Swali la tatu ni gumu zaidi. Tuhesabu pamoja. Goli ya Hurst ilikuwa ku dakika ya 101. Zilibakia dakika 19. Wajerumani walikuwa na wakati wa kusawazisha, kama walivyosawazisha mara ya kwanza. Hawakuweza. Walipokwenda wote mbele kutafuta, wakaacha nyuma wazi, na Hurst akapita mule kwa goli ya nne. Kwa hesabu ya goli, ukiondoa ile ya tatu, Uingereza bado iko na tatu, Ujerumani iko na mbili.

Lakini hesabu ile ni ya uongo kidogo. Goli ya nne ilizaliwa na ya tatu. Bila ya tatu Wajerumani hawakuwa na sababu ya kujirusha mbele. Pengine mechi ingebakia 2-2, na zamani zile hakukuwa penalti za mwisho, wangerudia kucheza siku nyingine. Hakuna mutu anajua. Njo ubaya wa uamuzi mubaya. Hauibi ushindi kila mara, unaiba kujua. Aliyeshindwa hawezi kukubali na roho tulivu, na aliyeshinda hawezi kufurahi bila mutu kumukumbusha. Wajerumani wakavumbua neno kwa goli yoyote ya mashaka: wanaiita goli ya Wembley.

Basi jibu letu ni hili: muamuzi mubaya mara chache sana anaamua mechi peke yake. Kabla ya dakika ya 101 kulikuwa dakika 100 za wachezaji wenyewe. Lakini anaweza kuharibu ukweli wa mechi, na kuharibu kule hakupone.

Kutoka Maroko mpaka Mulamba Ndaye

Bahramov hakuadhibiwa. Aliendelea na kazi. Mwaka wa 1970 alienda Mexico, na akapuliza mechi ya Peru na Maroko, wale Maroko tuliosema, walioingia kwa nafasi iliyopiganiwa na Afrika yote. Peru ilishinda 3-0, na hakuna mutu aliona upendeleo. Mu 1972 alipuliza mechi ya kwanza ya finali ya Kombe la UEFA kati ya Wolverhampton na Tottenham, ekipe mbili za Uingereza. Mutu mumoja ambaye dunia ilimuona mukarimu kwa Waingereza akasimama kati ya Waingereza kwa Waingereza. Mechi ikaenda vizuri. Mechi mia zilizoenda vizuri hazimupe muamuzi jina. Moja mubaya inatosha.

Miaka miwili nyuma yake, kosa la namna ile likatufikia sisi. Tarehe 18 mwezi wa 6, 1974, mu Gelsenkirchen, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Ndani ya dakika 22 Wayugoslavia walikuwa na goli nne. Wachezaji wetu wakamuzunguka muamuzi, Omar Delgado wa Colombia, na mumoja akamupiga teke nyuma. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, mutoto wa Mazembe. Delgado alipogeuka, akamutolea kadi nyekundu Mulamba Ndaye, ambaye hakuwa amefanya kitu. Ndaye yule yule, miezi michache mbele, alikuwa ametia goli tisa ku Kombe la Afrika mu Misri, hesabu ambayo hakuna mutu ameivunja mpaka leo. Mwepu mwenyewe alikubali kwamba ni yeye. Hakuna kilichobadilika.

Hapa upendeleo haukuwako, mutu wa Colombia hakuwa na deni na mutu wa Kasai wala na mutu wa Katanga. Alichanganya watu tu, sura hazikumukalia ku akili. Na kosa lile liliamua mechi? Hapana. Tulikuwa tumekwisha kuwa chini kwa goli nne, na mechi iliisha 9-0. Wachezaji wetu walikuwa wanalalamikia pesa walizoahidiwa na hawakupewa, na Yugoslavia ilikuwa na ekipe kali. Lakini muulize familia ya Ndaye kama kosa lile lilikuwa dogo. Kosa la muamuzi linaweza kukosa kubadilisha mechi na bado likabadilisha maisha ya mutu.

Na sisi wa Lubumbashi tusijifanye kila mara ni sisi tunaonewa. Kombe la Afrika la kwanza la Englebert, mu 1967, tulilipata namna gani? Mechi mbili na Asante Kotoko za Ghana zilitoka sare, 1-1 na 2-2. Wakubwa wakapanga mechi ya tatu mu Yaoundé, Kotoko hawakufika, na Kombe likawa letu. Hatusemi tuliiba. Englebert ilikuwa ekipe ya kweli, na mwaka uliofuata ilishinda tena. Lakini mu Kumasi hadithi hii wanaihadithia na sauti ingine, na tungekuwa wao tungefanya vile vile.

Mashini na jicho

Tarehe 27 mwezi wa 6, 2010, mu Bloemfontein, Uingereza na Ujerumani walikutana tena. Wajerumani wakiwa mbele 2-1, Muingereza Frank Lampard akapiga mupira, ukagonga mti wa juu, ukaanguka ndani ya goli kabisa, mbali ya mustari, watu wote wakiona ku tele. Muamuzi na mwenye drapo, kutoka Uruguay, hawakuona. Goli ikakataliwa, Uingereza ikapigwa 4-1. Mu Ujerumani wengi walicheka wakikumbuka 1966. Deni la miaka 44 limelipwa.

Kutokea pale FIFA ilikubali, mu 2012, mashini ya kupima mustari wa goli, na ku Kombe la 2014 ikatumika. Mu 2018 ikaja video. Leo saa ya muamuzi inamuambia kama mupira umevuka, na Bahramov hangehitaji kuitika na kichwa.

Lakini muchimbaji anajua jambo moja juu ya mashini. Anafika na mifuko yake mahali wanapouza, mizani iko pale, kipimo cha nguvu ya madini kiko pale, vyote vinaandika namba. Ugomvi haujakwisha. Ugomvi ni nani anashika mashini, nani aliipanga, na kama mwenye mali anaruhusiwa kusimama karibu na kusoma namba. Ni vile vile na video ya mupira. Mashini inaondoa kosa la jicho. Haiondoe kosa la biro. Kwa hili la pili hakuna dawa isipokuwa watu wenye kuonekana, waliopangwa kwa haki, na wanaoweza kuulizwa.

Jina ku mulango wa stade

Kiisha kuacha filimbi, Bahramov alibakia mu Baku, katika kazi za mupira wa kwao. Alikufa mu mwezi wa tatu 1993, akiwa na miaka 68. Sovieti ilikuwa imekwisha kuvunjika, na Azerbaijan ilikuwa inchi yenye kujitawala. Mara moja wakaamua jambo moja. Stade kubwa ya Baku ilifunguliwa mu 1951, na kati ya watu walioijenga walikuwa wafungwa wa vita, Wajerumani. Kwanza ilibeba jina la Stalin, kisha jina la Lenin. Mu 1993 ikapewa jina la Tofik Bahramov. Uwanja wa taifa muzima, uliobeba majina ya wakubwa wawili wa dunia, ukapewa jina la muamuzi. Haionekani mara nyingi.

Mu mwezi wa 10, 2004, Uingereza ilienda kucheza kule, na siku zile wakafungua sanamu yake. Geoff Hurst mwenyewe alikuwako, mutu wa ile goli. Mu 2009 Wajerumani nao walienda kucheza mu Baku, ndani ya uwanja wenye jina la mutu waliyemulaumu miaka 43. Walishinda 2-0, bila kelele, na hakuna mutu alimutaja muamuzi.

Watu wa Baku hawasemi kwamba Bahramov hakukosea. Wanasema tu kwamba alitoka kwao, mutoto wa muji wa petroli, akafika mahali pa juu kuliko wote mu kazi yake, na alisimama pale kwa jina lake. Sisi tunaongeza jambo moja kwa wale watakaobishana ku mwanzo wa juma ijayo. Mbele ya kusema arbitri aliuza mechi, tujiulize maneno matatu: alikosea? Kama alikosea, ni jicho ao ni moyo? Na tukiondoa kosa lake, ekipe yetu ilifanya nini ndani ya dakika zingine zote? Anayeweza kujibu yote matatu na roho safi, yule aseme, tutamusikiliza.